Maswali na Majibu ya Ufundi: Raba za Injini Zilizochoka kwenye Trekta la Bustani

SWALI: Hamjambo mafundi. Shuleni kwetu tunakata nyasi kwa trekta dogo la zamani, Cub Cadet 1450, lenye injini ya Kohler ya silinda moja. Mvua za Machi zilipoanza, injini ikawa inarukaruka na kugonga kila tunapoizima. Fundi alitoa raba nne zinazoibeba, akakata vipande vya duara kwenye tairi la lori, akapitisha bolti katikati na kukaza hadi mwisho. Sasa mtetemo umezidi, usukani unatia mikono ganzi, na bomba la moshi limepasuka shingoni. Tumekosea wapi? – Msomaji, Jinja

JIBU: Ndugu msomaji, poleni. Makosa ni mawili, na la pili ni baya kuliko la kwanza. Raba ya tairi ni ngumu mno na ndani ina nyuzi, kwa hiyo haibonyei inavyotakiwa. Halafu bolti imepita katikati ya raba bila kutenganishwa na chesisi. Chukua tochi, lala chini, utazame bolti inapopita kwenye tundu. Ukiona chuma kimeng'aa upande mmoja, hapo ndipo bolti inapogusa chesisi. Chuma kikigusa chuma, mtetemo hupitia kwenye bolti, na raba inabaki imekaa tu.

Trekta lenu ni la kundi lililoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1974 na kuitwa Quiet Line, yaani lililotulizwa kelele. Kabla ya hapo injini zilifungwa moja kwa moja kwenye chesisi. Injini yenu, Kohler K321, ina pistoni moja ya kipenyo cha milimita 89, na ujazo wake ni kama sentimita za ujazo 512. Pistoni moja kubwa hivyo ikipanda na kushuka peke yake hutikisa kweli, ndiyo maana ikawekewa raba.

Raba inayofaa hubonyea takriban milimita 2 ikishabeba injini. Ikibonyea hivyo, mdundo wake wa asili, yaani kasi ambayo injini ingechezacheza yenyewe juu ya raba ikisukumwa, ni kama mara 11 kwa sekunde. Injini ikiwa kwenye sailensa (mwendo wa chini kabisa bila mzigo), mizunguko 1,200 kwa dakika, hutikisa mara 20 kwa sekunde. Kwenye mizunguko 3,600 hutikisa mara 60. Mtikiso wa injini unapouzidi mdundo wa raba kwa karibu mara moja na nusu, raba huanza kuumeza. Sasa chukua kipande cha tairi kinachobonyea theluthi moja tu ya milimita: mdundo wake hupanda hadi mara 27 kwa sekunde, sawa na injini ikiwa kwenye mizunguko 1,600 hivi. Hapo viwili hivyo hukutana na kuchocheana. Jaribuni kupandisha moto, yaani mizunguko ya injini, taratibu kutoka sailensa. Mkisikia usukani unachachamaa mahali pamoja kisha unatulia kidogo, hicho ndicho kinachotokea.

Tunachokihofia zaidi ni shafti. Trekta la 1450 ni la haidro, yaani huendeshwa kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu: shafti hutoka kwenye injini na kwenda nyuma kuzungusha pampu. Injini ikilala upande mmoja, shafti huzunguka ikiwa imepinda, na viungo vyake huliwa hadi tundu za bolti ziwe na umbo la yai. Raba ni rahisi kubadilisha. Pampu ya haidro si rahisi hata kidogo, kwa hiyo acheni kulitumia trekta mpaka kazi hii iishe.

Raba halisi za trekta hili huagizwa kwa namba ya modeli kutoka kwa wauzaji wa spea za matrekta ya zamani nje ya nchi. Zikichelewa, ulizeni soko la spea la Kisekka, Kampala, au kwa wauza spea za jenereta: raba ya duara iliyoshikamana na chuma juu na chini, ambayo bolti ya juu haikutani na ya chini. Pelekeni ya zamani dukani na mpime vitu vitatu: kipenyo, kimo, na unene wa bolti. Msiamini kimo cha raba iliyokwisha kubonyea. Tumieni ile iliyo nzima kuliko zote. Ugumu uwe kati ya 50 na 60 kwa kipimo cha Shore A. Kama injini inavuja oili, tafuteni raba ya neoprini, na mzibe uvujaji kwanza, kwa sababu oili hulainisha raba ya kawaida ikawa kama ubani uliotafunwa.

Kwenye kazi yenyewe, anzeni na waya hasi wa betri, kisha mfunge petroli. Pigeni picha kila upande kabla ya kufungua, hasa mpangilio wa washa. Toeni bomba la moshi, waya wa choki na wa moto (wa kuongeza mizunguko), mpira wa petroli, waya za stata na koili, halafu bolti za kiungo cha shafti. Injini ina uzito wa takriban kilo 50, kwa hiyo muwe wawili. Mkitumia jeki, wekeni ubao mpana chini ya sampu (bakuli la oili). Jeki tupu inaweza kuipasua. Bolti zenye kutu ziloweke kwa mafuta ya kupenyeza usiku kucha. Msizichome kwa moto wa gesi, kwa sababu mvuke wa petroli haupo mbali.

Chesisi ikiwa wazi, kagueni tundu za bolti. Lililokuwa yai lijazwe kwa kuchomelea, litobolewe upya. Tafuteni pia nyufa kwenye kitanda cha injini.

Bolti nazo zina mtego wake. Trekta hili ni la inchi, na maduka yetu yamejaa za milimita. Bolti ya inchi 3/8 ni milimita 9.5, ya milimita 10 haiingii, na ukiilazimisha meno hukwanguka. Kichwa chake ni cha spana ya 9/16, yaani milimita 14.3: spana ya 14 haiingii, ya 15 hula kona. Tafuteni bolti za gredi 5, zenye mistari mitatu kichwani.

Mkirudisha, ingizeni bolti zote nne kwa mkono tu. Iacheni injini ikae kwa uzito wake, kisha mzungushe shafti taratibu mkipima mwanya wa kiungo juu, chini, kulia na kushoto kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya). Tofauti ikizidi nusu milimita, wekeni shimu (kipande chembamba cha chuma) chini ya raba iliyoshuka. Hapo ndipo mkaze, kwa mshazari. Mkikaza kabla injini haijakaa, raba hufungwa ikiwa imejisokota, na itachanika mapema.

SWALI: Raba zimenishinda kupata. Je, naweza kuweka vipande vya chuma? – Msomaji, Mbale

JIBU: Unaweza, ikiwa hakuna njia nyingine. Vipande vyote vinne viwe na kimo cha raba mpya ikiwa imebeba injini, si ikiwa mkononi, la sivyo shafti itakaa vibaya. Tumia nati za kujifunga. Kagua bolti zote baada ya saa 5 za kazi, halafu kila saa 25, pamoja na kishikio cha betri na tangi. Mtetemo utakuwepo, na utalegeza vitu ambavyo hukuwahi kuvifikiria. Raba zikipatikana, virudishe vyuma stoo.

SWALI: Nimeweka raba mpya vizuri, sasa stata inazunguka kwa uvivu na waya wa choki unapata moto. Betri ni nzima. – Msomaji, Fort Portal

JIBU: Injini imekosa athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Zamani chuma kilikuwa kinagusana kupitia raba zilizokufa, umeme ukarudi kwenye betri kwa njia hiyo. Raba mpya zimeikata, na sasa umeme wa stata unarudi kupitia waya wa choki, ambao hauuwezi. Usipige stata tena kabla ya kufunga waya wa athi wa milimita za mraba 16 au zaidi, kutoka hasi ya betri hadi kwenye bloku ya injini. Uache ulegee kidogo ili injini icheze bila kuukata. Kwangua rangi hadi chuma cheupe, funga, kisha paka girisi juu. Pima kwa mita kati ya hasi ya betri na bloku wakati mwenzako anapiga stata: ukisoma zaidi ya nusu volti, kuna mwisho wa waya ambao bado haujagusa chuma safi.