EF imeshuka baada ya vali mpya: moyo umeharibika?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu alibadilishiwa vali ya mitrali iliyokuwa ikivuja sana. Kabla ya upasuaji eko (kipimo cha picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ilionyesha EF 62, wiki mbili baadaye imeandikwa 48. Anapumua vizuri kuliko zamani, ila ndugu wanadai madaktari wameuharibu moyo. Ni kweli?

Jibu: Marahaba. Ndugu siwalaumu, namba hii huwachanganya hata wanafunzi wangu.

EF husema chemba ya chini ya kushoto ya moyo imetoa asilimia ngapi ya damu iliyokuwamo. Haisemi damu hiyo imekwenda wapi. Tuseme chemba ya mama ilijaa mililita 160, ikatoa 100: EF ni 62 na ushee. Lakini 40 kati ya hizo zilirudi chemba ya juu kupitia vali mbovu, kwenye presha ndogo, kazi rahisi kwa msuli. Mwilini zikafika 60 tu. Sasa njia ya kurudi imezibwa. Chemba imepungua, inajaa 130, inatoa 62, na zote zinapanda kwenye aota, mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini. Piga hesabu: 48. EF imeshuka, mwili unapata damu zaidi kidogo.

Hata hivyo 62 ya mwanzo haikuwa ya kujivunia. Vali ikivuja kiasi hicho, EF ikifika 60 au chini tunasema msuli umeshaanza kuchoka. Ndiyo maana napenda kuona GLS pia: mashine hufuata vitone vya picha ndani ya msuli na kupima umefupika kwa asilimia ngapi. Kwa kawaida ni karibu -20 (alama ya kutoa ni ya kufupika, isikutishe). Kama kabla ya upasuaji ilikuwa -16, udhaifu ulikuwapo tangu zamani, ulifichwa na uvujaji.

Uliza pia kama nyuzi zinazoishikilia vali zilibakizwa. Zikikatwa zote, chemba hupoteza nguvu kweli, ingawa kwa ugonjwa wa rumatiki mara nyingine huwa zimegandana hadi hazifai.

Eko ya wiki mbili ni mapema mno. Ukuta unaotenganisha chemba za kushoto na kulia bado hucheza kombo kwa sababu ya upasuaji wenyewe. Arudie kati ya wiki 6 na miezi 3, kwenye mashine ileile ikiwezekana, na presha yake ya siku hiyo iandikwe kwenye ripoti. Akivimba miguu au kushindwa kulala chali, asingoje tarehe.