Re: Shoka gani linafaa kuchanja magogo ya mkaratusi?

Ndugu, umesema shoka lako linanasa kwenye gogo kila ukipiga. Bila shaka ni la kukatia miti. Lile huwa jembamba ili lizame ndani, lakini haliachanishi mbao. La kuchanjia linatakiwa liwe nene mashavuni, litanuke kuelekea kwenye tundu la mpini, ndipo gogo lifunguke.

Kwa mtu mzima, kichwa cha kilo 2 hadi 2.5 kinatosha. Usivutwe na mazito zaidi. Utachoka mapema, na mtu aliyechoka ndiye anayejikata mguu. Mpini uwe wa sentimita 80 hivi. Dukani uangalie mpini kwa upande wa mwisho: nyuzi za mti zifuate uelekeo wa makali. Zikikatiza, mpini utavunjika. Usinunue uliopakwa rangi, maana rangi huficha mafundo na nyufa. Mimi hupenda kununua kichwa peke yake, kisha nachonga mpini wa mpera uliokauka vizuri na kuukaza kwa kabari.

Makali yasiwe kama ya wembe, kuyanoa kidogo kwa tupa kunatosha. Na tafadhali, usiligonge shoka kwa nyundo likinasa, vipande vya chuma huruka machoni.

Halafu mkaratusi uchanje ungali mbichi. Ukikauka, nyuzi zake zilizosokotana zitakutesa hata ukiwa na shoka zuri. Anzia pembeni mwa gogo, si katikati.