Maswali na Majibu: Proksi Isiyokumbuka Ilichopakua

SWALI: Mhariri, ninasimamia maabara ya kompyuta ya shule ya sekondari yenye mashine 30 za Ubuntu, ambazo hupata intaneti kupitia seva ya proksi (kompyuta ya kati inayopakua kwa niaba ya nyingine) inayotumia programu ya Squid. Seva hiyo ina memori ya GB 4. Kwa kuwa diski yake ni kuukuu, nilifuta mstari wa cache_dir (unaoelekeza akiba ya vilivyopakuliwa diskini) ili akiba yote ikae kwenye memori, nikaweka cache_mem (ukubwa wa akiba ya memori) 3 GB na maximum_object_size (ukubwa wa juu wa kitu kimoja) 100 MB. Hata hivyo, kila mashine inapopakua masasisho logi huandika TCP_MISS (yaani kitu hakikupatikana akibani), bando linaisha, na ikifika saa nne asubuhi seva imekuwa nzito mno. Jioni huwa tunaizima. Nimekosea wapi?
Msimamizi wa maabara, Morogoro

JIBU: Kufuta cache_dir si kosa, kwa maana Squid za miaka hii zisipopewa diski huweka akiba kwenye memori pekee. Kosa ni kwamba maximum_object_size huhusu vitu vinavyohifadhiwa diskini, nawe diski umeiondoa. Kinachotawala memori ni maximum_object_size_in_memory, ambacho kisipoguswa hubaki KB 512. Fungua /var/log/squid/access.log uangalie safu ya tano, yenye idadi ya baiti: kifurushi cha .deb (faili la programu za Ubuntu) kinachosomeka 31000000 kimepitishwa tu, hakikuwekwa. Kwenye faili la mipangilio la Squid andika maximum_object_size_in_memory 64 MB, likague kwa squid -k parse, uwashe Squid upya, kisha upakue kifurushi kilekile kwenye mashine mbili, moja baada ya nyingine. Kwa mashine ya pili logi inapaswa kuandika TCP_MEM_HIT, yaani kimetoka kwenye memori.

Mistari ya TCP_TUNNEL kwenye logi usihangaike nayo. Hiyo ni HTTPS, ambayo hupita ikiwa imefungwa kwa msimbo, na proksi ya kawaida haiwezi kuhifadhi isichoweza kukisoma. Bahati yako ni kwamba hazina za Ubuntu (seva zinazotoa vifurushi vyake) kwa kawaida bado hufikiwa kwa HTTP.

Kuhusu uzito, cache_mem si kikomo cha memori yote ya Squid, bali ni sehemu ya vitu vilivyohifadhiwa tu. Faharasa, miunganisho na bafa (memori ya muda ya data inayopita) huongezeka juu yake. Ukitoa GB 3 kati ya 4, mashine hulazimika kuhamishia memori kwenye diski ileile uliyotaka kuiepuka. Mimi ningeanza na GB 1.

Jambo ambalo hukuliuliza ni hilo la kuizima seva jioni: akiba ya memori hupotea kila Squid inaposimama, kwa hiyo kila asubuhi mnaanza upya. Ama iacheni ikiwaka siku za masasisho, ama mtafute diski nzima na kurudisha cache_dir ndogo ya MB 10000. Mkichagua diski, ule mstari wako wa maximum_object_size utapata kazi, ila uandikwe juu ya cache_dir, si chini yake.