Kupanda ngazi ya urefa wa mpira wa kikapu ukiwa Mombasa: jibu kwa kijana wa Kisauni

Ndugu yangu wa Kisauni, umeuliza kwa nini, baada ya misimu miwili ya kuchezesha mechi za shule na mashindano ya mitaani, bado hupangiwi mechi za ligi ya kitaifa, na kama ni kweli kwamba refa wa Pwani hana budi kuhamia Nairobi ndipo aonekane. Mimi nimepuliza kipyenga kwa miaka 11, nimefika ligi ya kitaifa, na sikuhama Tudor. Nitakueleza niliyopitia, nikianza na siku ambayo nilichezesha vibaya.

Msimu wangu wa tatu nilipewa nusu fainali ya shule za wasichana kwenye uwanja wa saruji usio na paa, saa tisa alasiri, jua la kaskazi likiwaka. Zikiwa zimebaki sekunde chache, mshambuliaji aliingia chini ya ringi, mlinzi akaruka naye, nikasikia kofi, nikapuliza. Ilikuwa mitupo miwili huru, yote ikaingia, na mechi ikaisha kwa tofauti ya pointi moja. Baadaye refa mmoja mkongwe, aliyekuwa ameketi kando bila kusema neno mechi nzima, aliniita.

"Mwanangu, uliona nini?"

Nikamjibu kwamba niliona madhambi.

"Hiyo ni hukumu uliyotoa. Mimi nakuuliza uliona nini. Mkono upi, uligusa wapi, na wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mgongo wa mshambuliaji, wachezaji wote wawili wamejipanga mstari mmoja mbele ya macho yangu, na kilichonifanya nipulize ni sauti, ambayo huenda ilikuwa ya kiganja kikiupiga mpira wenyewe. Wasichana wa timu iliyoshindwa walipanda basi lao wakilia, na mpaka leo sijui kama niliwadhulumu.

Naamini swali la mzee yule ndilo linaloamua nani apande. Vijana wengi ninaowaona wanazijua sheria vizuri. Wanaweza kukutajia kwamba nusu duara iliyo chini ya ringi ina nusu kipenyo cha mita 1.25, na kwamba mlinzi aliyeruka wima, mikono ikiwa juu ndani ya nafasi yake, hana kosa hata mshambuliaji akimgonga. Lakini sheria hiyo ya wima haikusaidii kitu ikiwa huoni mwanya kati ya miili miwili. Ukiuona mwanya, utajua ni nani aliyeuziba. Usipouona, unakisia, na mtu anayekuja kukutathmini anatambua kukisia huko upesi sana, kwa sababu yeye haangalii mpira, anaiangalia miguu yako.

Hapa ndipo sisi wa mechi ndogo tunapojifunza tabia mbaya. Mechi zetu nyingi huchezeshwa na marefa wawili, mmoja mbele kwenye mstari wa mwisho na mwingine nyuma, kwa hiyo tunazoea kuufuata mpira kwa macho kila unapokwenda. Kwenye ligi mnakuwa watatu: wa mbele, wa nyuma na wa kati, na kila mmoja ana eneo lake. Refa wa mbele ndiye anayeanzisha mzunguko, akivuka kwenda upande wenye mpira, na wenzake wawili hubadilisha nafasi zao kumfuata. Mechi yangu ya kwanza ya watatu nilijikuta mara kadhaa nikitazama mpira pamoja na wenzangu wote, huku upande wa pili mchezaji akimshika mwenzake kiunoni bila jicho hata moja kumwona. Jizoeze sasa, hata mkiwa wawili, kukaa dakika nzima bila kuutazama mpira usipokuwa katika eneo lako. Ni zoezi gumu kuliko linavyosikika.

Jambo la pili linalokwenda pamoja na hilo ni subira. Tendo lina mwanzo, lina kati na lina mwisho. Liache liishe, kisha amua. Mguso ambao haukumpotezea mshambuliaji mwendo, mizani wala nafasi yake mara nyingi si wa kupulizwa, na huwezi kuyajua hayo ukipuliza katikati ya tendo. Mimi nilihitaji karibu mwaka mzima kuizoeza pumzi yangu kuchelewa kidogo.

Ushauri wangu mwingine huwa haupendwi: nenda kakae mezani. Omba kuandika karatasi ya pointi, omba kuendesha saa ya sekunde 24, ile inayohesabu muda ambao timu inapewa kutupa mpira. Nilifanya kazi hiyo kabla ya kushika kipyenga, na ndiyo iliyonifundisha bila kukariri kwamba mpira ukigusa ringi na kurudi mikononi mwa timu iliyotupa, saa inarudishwa kwenye 14 na si 24. Refa aliyewahi kukaa mezani pia anaonyesha ishara kwa utaratibu: anasimama, anaonyesha namba ya mchezaji, aina ya kosa, kisha mitupo au upande mpira unakokwenda. Aliyeinua kalamu upande wa pili ni binadamu mwenzako mwenye sekunde chache tu za kuandika.

Sasa kuhusu Nairobi. Umbali upo, na sitaufanya mdogo. Nimepanda treni Miritini asubuhi nikashuka Syokimau, Nairobi, mchana, nikachezesha, nikarudi na basi la usiku ili niwahi kazini. Zipo safari ambazo posho ilichelewa mpaka nauli ikawa deni langu. Kuna na mwili wenyewe. Sisi tumezoea usawa wa bahari na joto la jasho, na mji ule uko zaidi ya mita 1,600 juu. Mara ya kwanza, robo ya tatu haijaisha kifua kilikuwa kinaniwaka, na refa aliyechoka huchelewa kufika, akichelewa kufika anarudi kulekule kwenye kukisia. Kwa hiyo fanya mazoezi ya mbio fupi za kwenda na kurudi, mita 20 kwa mita 20, ukiongeza kasi hatua kwa hatua, maana ndivyo marefa wanavyopimwa. Kuzunguka uwanja taratibu hakukuandai.

Lakini ligi hiyo hiyo inatujia hapa. KPA, yaani Mamlaka ya Bandari za Kenya, wana timu ya wanaume na ya wanawake, na nyumbani kwao ni Makande, hapa Mombasa. Wageni wanapokuja kucheza nao, nenda mapema, usiende kushangilia. Kaa mahali unapoweza kumwona refa mmoja tu mechi nzima. Ikiisha, subiri marefa waoge, wasalimie kwa adabu, kisha uliza swali moja mahususi kuhusu tendo moja uliloliona. Hivyo ndivyo jina langu lilivyojulikana kwa wapangaji wa mechi, kabla hawajaniona nikichezesha. Kumpigia simu mpangaji kulalamika kwamba umesahauliwa sijaona kukimsaidia mtu.

Ukitamani kufika FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, kumbuka kwamba huombi mwenyewe; shirikisho la nchi ndilo linalopendekeza majina. Sheria zao na mafunzo yao ni kwa Kiingereza, kwa hiyo jizoeze kueleza tendo kwa lugha hiyo kwa sentensi mbili fupi. Hakikisha pia unasoma toleo linalotumika, kwa maana lile la 2024 lilianza kutumika tarehe 1 Oktoba mwaka huo na bado nakutana na watu wanaobishana kwa vitabu vya zamani.

Mechi yako ijayo, mpe rafiki simu akurekodi wewe peke yako kutoka pembeni, mpira uingie na kutoka kwenye picha upendavyo. Usiku, kila ulipopuliza, simamisha picha na ujiulize lile swali la mzee. Ukipata tendo ambalo huwezi kulijibu, niletee hapa dakika yake na mahali ulipokuwa umesimama, tulitazame pamoja.