Mwigizaji anapoanza kuongoza filamu: mkurugenzi, mwelekezi au mwongozaji?

Swali: Ninaandika makala kuhusu Jiang Wen, nyota wa filamu wa China. Nilimwita "mwigizaji aliyegeuka mkurugenzi". Mhariri ameyapigia mstari "aliyegeuka" na "mkurugenzi" bila maelezo. Kosa langu ni lipi?

Jibu: Mhariri wako ana haki katika yote mawili.

Tuanze na *mkurugenzi*. Kwa msomaji wa Kiswahili, huyu ni mtu wa ofisi: mkurugenzi wa halmashauri, wa shirika, wa benki. Ukisema "mkurugenzi wa filamu", wengi watamdhania mkuu wa idara ya filamu serikalini, au mwenye kampuni. Anayewaelekeza waigizaji na kuamua kamera ikae wapi ni *mwongozaji*. Kenya utakuta pia *mwelekezi*, nalo ni neno zuri. Chagua moja ulishike hadi mwisho wa makala. Anayetafuta fedha na kusimamia matumizi ni *mtayarishaji*, usimchanganye na hao.

Kichina chenyewe kinaunga mkono *mwongozaji*. Wachina humwita *daoyan*: *dao* ni kuongoza, *yan* ni kuigiza. Ni anayeongoza uigizaji, wala hamna harufu ya ofisi humo.

Angalia pia tahajia. Andika *mwongozaji* na *mwigizaji*, si "muongozaji" wala "muigizaji". Hapa *u* ya kiambishi huwa *w* mbele ya irabu. Wingi ni *waongozaji* na *waigizaji*. Kazi yenyewe ni *uongozaji*. *Uongozi* ni wa chama au wa nchi, na kiambishi -*aji* ndicho kinachotuonyesha kwamba tunamzungumzia mtenda kazi fulani, si mwenye cheo.

Sasa *aliyegeuka*. Hapa kosa ni la maana zaidi kuliko la sarufi. Mtu akigeuka, ameacha alivyokuwa. Jiang hakuacha kuigiza. Alijulikana kwa *Hong Gaoliang*, yaani Mtama Mwekundu, filamu ya 1987 iliyoongozwa na Zhang Yimou. Filamu ya kwanza aliyoiongoza mwenyewe ilitoka 1994, na ya pili, *Guizi Lai Le*, ikapata Tuzo Kuu ya Jopo katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2000. Katika hiyo ya pili ndiye pia mwigizaji mkuu. "Amehamia kwenye uongozaji" nako kuna kasoro ileile, maana anayehama huacha nyumba nyuma. Sema *ameanza kuongoza*, *ameingia katika uongozaji*, au *anaigiza na kuongoza*.

Kuna mtego mwingine ambao mhariri hakuugusa, lakini makala yako itaukuta: *iliongoza* na *iliongozwa*. Filamu *Zhan Lang 2* ya mwaka 2017, ambayo kisa chake kinatokea katika nchi ya Afrika, *iliongozwa* na Wu Jing, mwigizaji mwingine aliyeingia katika uongozaji, na *iliongoza* kwa mapato China mwaka huo. Herufi moja tu, *w*, inatenganisha kazi ya mtu na nafasi ya filamu sokoni. Ukiidondosha, umeandika habari nyingine kabisa.

Jihadhari vilevile na "filamu ya Jiang". Mitaani, "muvi ya Kanumba", mwigizaji wa Tanzania, ilimaanisha kwanza ile ambayo Kanumba amecheza, kwa sababu mtazamaji hununua sura anayoijua. Kwa mtu anayefanya kazi zote mbili, -*a* hii ya umiliki (iliyo katika "ya") haitoshi hata kidogo. Andika *iliyoongozwa na Jiang* au *aliyoigiza Jiang*. Zikiwa zote mbili, *aliyoiongoza na kuigiza ndani yake*.

Na unaporudia jina, andika *Jiang*, usiandike *Wen*. Wachina hutanguliza jina la ukoo, kwa hiyo kumwita "Wen" katika aya ya pili ni sawa na kumwita kiongozi kwa jina lake la kwanza katika habari ya gazeti. Kwa Wu Jing, jina la ukoo ni *Wu*.

Sentensi yako ingekaa hivi: "Jiang Wen, mwigizaji mashuhuri wa China, aliingia katika uongozaji kwa filamu iliyotoka mwaka 1994, na hadi leo anaigiza na kuongoza."