Mmeachana, Lakini Mkopo wa Nyumba Bado ni wa Nyote Wawili

Ndoa ikivunjika, wazee hukaa kikao. Huuliza watoto watakaa na nani, nani atahama, kabati ni la nani, friji itabaki wapi. Mimi na mtalaka wangu tuliwekewa vikao kwao na kwetu, na hakuna hata mzee mmoja aliyeuliza habari za benki. Nasi tulikuwa na nyumba Mtwapa tuliyoinunua kwa mkopo wa miaka 15, majina yetu yote mawili kwenye mkataba na kwenye hati. Deni lililobaki lilikuwa kubwa kuliko vitu vyote vilivyogawanywa mbele ya wale wazee.

Nawaandikia walio katika hali hiyo sasa hivi hapa Kenya, wanaolala na kuamka na hesabu ileile kichwani. Jambo la kushika kwanza ni kwamba benki haina habari na ugomvi wenu. Mliposaini pamoja, kila mmoja alikubali kudaiwa deni lote, wala si nusu. Mwenzako akiacha kulipa, benki ina haki ya kukudai wewe mpaka senti ya mwisho. Hata mkikubaliana mbele ya wazee, au jaji akiamua, kwamba mmoja ndiye atakayelipa, hilo ni baina yenu wawili. Mkataba wa benki unabaki vilevile hadi benki yenyewe ikubali kuubadilisha. Nimekutana na wanawake, na wanaume pia, waliotoka na sanduku la nguo wakidhani nyumba wameiacha na deni lake. Deni likawafuata walikokwenda.

Kwa hiyo, kabla ya mazungumzo yoyote ya kugawana, hakikisha malipo ya mwezi huu yameingia. Kwetu pesa zilikuwa zikikatwa kwenye akaunti ya mshahara wake. Alipohamishia mshahara benki nyingine, mkopo ukabaki bila malipo, na mimi nikajua kwa ujumbe wa simu uliosema tumechelewa na faini inahesabiwa. Nilikwenda tawini nikaomba taarifa kamili ya mkopo: salio la deni, riba, malimbikizo, na tarehe ya malipo yanayofuata. Ni haki yako kuipata maadamu jina lako limo. Niliacha pia barua, nikapigiwa muhuri kwenye nakala yangu, kwamba tumetengana na kila notisi itumwe kwa anwani zetu zote mbili. Usiliache hili. Notisi inayotumwa kwenye sanduku la posta ambalo ufunguo wake anao mwenzako ni kama haikutumwa kwako.

Kuanzia hapo nikafungua daftari. Tarehe, kiasi, nani amelipa, namba ya risiti. Upande wa pili wa daftari niliandika mengine: ada ya ulinzi wa mtaa, fundi wa tangi la maji, rangi ya ukuta unaoliwa na chumvi ya bahari. Risiti za karatasi hufutika wino kwa joto letu la Pwani, basi zipige picha siku hiyohiyo.

Kazi hii inachosha, lakini ina maana kubwa kisheria. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mali ya wanandoa hugawanywa kulingana na mchango wa kila mmoja, na Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza wazi kwamba usawa ulioandikwa kwenye Katiba haumpi mtu nusu kwa nusu moja kwa moja. Lazima uonyeshe ulichochangia. Mchango wenyewe si pesa tu. Sheria inataja kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kuwa mwenzi wa mwenzako, na kusimamia biashara au shamba la familia. Mama aliyelea watoto wakati baba anakatwa mshahara ana mchango, asikubali kuambiwa hana. Hata walioishi pamoja bila ndoa inayotambuliwa na sheria hawakuachwa: siku zilezile za Januari mahakama hiyohiyo iliamua kesi ya watu wa namna hiyo, ikampa mwanamke asilimia 70 na mwanamume 30, kwa kuangalia nani alijenga na kuendesha nini. Waislamu nao wanaruhusiwa mambo haya kuamuliwa kwa sheria ya Kiislamu.

Mkishindwa kulipa, kuna hatua ambazo benki haiwezi kuziruka, na kuzijua kunapunguza hofu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, mkichelewa mwezi mmoja benki inaweza kutoa notisi, na notisi hiyo lazima iwape angalau miezi mitatu ya kulipa malimbikizo. Mkishindwa, inafuata notisi nyingine ya siku zisizopungua 40 ya kusudio la kuuza. Kisha dalali wa mnada naye hutoa notisi yake ya siku 45. Muda huo ni wenu wa kuitafutia nyumba njia yake wenyewe, maana mnada huuza kwa bei ya haraka na gharama zote hukatwa humohumo. Bei ya mnada isipofuta deni, mtadaiwa kilichobaki, na nyumba mmeshaikosa.

Sasa, njia zenyewe. Ya kupangisha wengi huiwazia kwanza kwa sababu inaonekana haina uchungu: mpangaji alipe, kodi iingie kwenye mkopo, sisi tusionane. Inafaa kwa muda mfupi, kodi ikitosha na mkielewana. Lakini nyumba ya ndoa haiwezi kupangishwa bila idhini ya maandishi ya wote wawili, na mpangaji akikwama miezi miwili mtarudi kwenye simu zilezile za kugombana. Sikuipenda.

Ya pili ni mmoja kubaki na nyumba na kumlipa mwenzake sehemu yake. Hapa watu wengi huhesabu vibaya. Tuseme nyumba ina thamani ya shilingi milioni 8 na deni ni milioni 5.2. Kinachogawanywa ni milioni 2.8, tena kabla ya kutoa gharama. Nusu yake ni milioni 1.4. Dada anayedai milioni 4 kwa kuwa "nyumba ni ya milioni 8" anaomba pesa za benki. Na anayebaki lazima benki ikubali kwamba mshahara wake peke yake unaweza kuubeba mkopo. Itaukagua upya kama mwombaji mgeni. Mara nyingine inawezekana kuongeza miaka ili malipo ya mwezi yapungue. Uliza hilo kabla hujamwahidi mwenzako chochote. Nilipopiga hesabu zangu na karo ya watoto, mshahara wangu haukutosha, nami sikutaka kung'ang'ania kuta kisha nishindwe kuwalisha waliomo ndani.

Basi tukauza, sisi wenyewe na mapema, kwa idhini ya benki. Tulikubaliana mthamini mmoja aliyesajiliwa badala ya kila mtu kuja na wake. Alizunguka na futi yake ya kupimia, akagusa vyuma vya dirisha vilivyoshika kutu, akafungua mifereji, akauliza maji ya kisima yana chumvi kiasi gani. Ripoti yake ilikuwa na bei mbili: ya soko, na ya kuuza kwa lazima. Ile ya pili ndiyo iliyotusaidia kupatana. Mtalaka wangu alikuwa amegoma kusaini kwa wiki nyingi, lakini alipoona tofauti ya namba zile mbili kwenye karatasi moja, aliomba kalamu. Sikumlaumu wala sikumshangilia. Mbele yetu kulikuwa na kazi.

Mnunuzi akipatikana, pesa hupitia kwa mawakili: deni hulipwa kwanza, benki hutoa nyaraka za kuondoa rehani kwenye hati, kinachobaki ndicho mnachogawana. Ulizeni mapema kama benki inatoza ada ya kulipa kabla ya muda. Kuna pia kodi ya faida ya mtaji, yaani ya faida inayopatikana kwa kuuza mali, ambayo ni asilimia 15 tangu Januari 2023, ingawa mali inayohamishwa kati ya waliokuwa mume na mke kama sehemu ya makubaliano ya talaka imesamehewa. Wakili wako akuhesabie yote hayo kwa maandishi, na awe wako, si mnayechangia.

Wakati mambo hayajaisha, usitishwe kwamba utatolewa nje usiku. Ndoa ikiwa bado ipo kisheria, mwenzi hawezi kufukuzwa na mwenzake kwenye nyumba ya ndoa bila amri ya mahakama. Tena huna lazima ya kusubiri talaka ndipo uende Mahakama Kuu kuomba haki zako juu ya nyumba zitamkwe.

Angalia pia hati imeandikwaje. Kama imeandikwa kwamba mnamiliki nyumba yote kwa pamoja, si kila mmoja na hisa yake, mmoja wenu akifa nyumba yote inakwenda kwa aliyebaki, hata kama mlikuwa hamsalimiani, na watoto wa kwingine hawapati kitu. Mkisaini wote wawili, umiliki huo unaweza kugeuzwa kila mmoja akawa na hisa yake. Bima ya maisha inayoambatana na mkopo nayo iangalie: usiiache ikatike mkiwa katikati ya mazungumzo.

Yakimalizika, kama umeuza au umemwachia mwenzako, dai barua ya benki inayosema jina lako limetoka kwenye mkopo. Kutoka kwenye hati peke yake hakutoshi. Kuna watu hawamiliki nyumba tena na bado wanadaiwa deni lake. Halafu chukua ripoti yako ya CRB, yaani kampuni inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, ambayo unapewa moja bila malipo kila mwaka, usome mstari wa mkopo huo kwa macho yako. Taarifa mbaya hukaa humo miaka 5 baada ya deni kulipwa. Yangu ilikuwa bado inaonyesha malimbikizo ya ule mwezi aliohamisha mshahara, pesa ambazo zilikuwa zimeshalipwa. Niliandika malalamiko nikaambatanisha picha ya risiti kutoka kwenye daftari, wakarekebisha.