Maswali ya Wasomaji: Watu wa Bada Wakifika Ibadan

SWALI: Assalaam alaykum, Ndugu Mhariri. Mimi ni mama wa Ngamiani, Tanga, na katika kikundi chetu tunasindika muhogo. Mwezi ujao wawili wetu tutakwenda Ibadan, Nigeria, kwa mafunzo ya wiki mbili, na chakula cha jioni kila mtu atajilipia katika mgahawa wa hoteli tutakamofikia. Mwenzangu ana vidonda vya tumbo, pilipili hawezi kabisa. Mimi nahofia nyama isiyo halali, tena naona haya kula kwa mkono mbele za watu. Tuagizeje?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Hilo la mkono liondoe moyoni kabla hujafunga begi. Katika migahawa ya hoteli za Nigeria mtu aliyevaa suti huletewa bakuli la maji, akanawa, akala kwa mkono wa kulia kama tulavyo sisi, na uma ukabaki pembeni.

Penye kuhitaji maelezo ni namna ya kuagiza. Mlo wa kawaida huko una sehemu tatu, na kila moja huitaja peke yake: kitu cha kumega, mchuzi wake, na kitoweo. Cha kumega nyinyi mtakijua kwa kukitazama tu. Eba ni ndugu wa bada letu, ule ugali wa muhogo wa Tanga, ila haitokani na unga mkavu: muhogo hukunwa, huachwa uchachuke, hukamuliwa maji na kukaangwa ukawa chenga kavu ambazo wao huziita gari, kisha chenga hizo humwagiwa maji ya moto na kukorogwa mpaka zishikane. Ladha yake ina ukali kidogo wa uchachu. Amala, ambayo ndiyo fahari ya Ibadan, ni ya unga wa viazi vikuu vilivyokaushwa, na hutoka ya rangi ya kahawia iliyokoza; asiyeijua hudhani imeungua. Viazi vikuu vya kutwanga ni vyeupe na laini, lakini mara nyingi hutwangwa baada ya kuagizwa, kwa hiyo msiviagize mkiwa na njaa kali.

Neno “supu” nalo lisiwapoteze. Supu ya Tanga ni ile nyepesi ya asubuhi, na chapati na ndimu. Wao wakisema supu wana maana ya mchuzi mzito wa kumegea, kama ule wa egusi, yaani mbegu za jamii ya tikiti zilizosagwa, ambao aghalabu hutiwa mawese na kamba wadogo waliokaushwa. Mwenye kudhurika na kamba aulize mapema.

Sasa mwenzako. Kwetu pilipili hukaa kando, kwenye kibakuli au achari, anayeitaka huichota. Kwao husagwa pamoja na nyanya na vitunguu tangu mwanzo wa mapishi, na kumwomba mhudumu “aitoe” chakula kikiwa tayari ni kumwonea. Hata wali mwekundu wa jollof, ambao kwa mbali waweza kuufananisha na pilau, pilipili yake imo ndani ya punje. Basi na aombe amala na ewedu. Hiyo ewedu ni mlenda, dada yangu, mlenda ule ule wa Wabondei na Wazigua, na kwa kawaida hupikwa bila ukali mwingi. Desturi ni kuichanganya na gbegiri, mchuzi wa kunde, kisha juu humwagwa rojo jekundu la nyanya. Aseme waziwazi kwamba rojo hilo halitaki. Siku nyingine achukue wali mweupe, mayai, au dodo, ambazo ni ndizi za mzuzu zilizoiva na kukaangwa.

Kuhusu halali, Ibadan ina Waislamu wengi na swali lako halitamshangaza mtu. Ulizia nyama imechinjwa na nani. Jibu likiwa la kusitasita, chukua samaki. Ukiagiza nyama ya mchanganyiko utapata utumbo na ngozi ya ng’ombe iliyochemshwa, inayoitwa ponmo, na wao huifurahia sana. Konokono wa nchi kavu pia huandikwa kwenye orodha, tena kwa bei ya juu.

Bei hizo zitazameni kwa makini, kwa maana mchuzi huweza kuwa na bei yake na kipande cha nyama bei yake. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 7.5 tangu mwaka 2020, na baadhi ya hoteli huiongeza mwishoni pamoja na malipo ya huduma. Ulizeni kabla ya kuketi kama imo ndani ya bei.

Asubuhi ombeni akara. Ni bajia za kunde, nazo huliwa na uji laini wa mahindi yaliyochachushwa. Mwenzako aonje kipande kidogo kwanza, kwani humo nako pilipili huweza kusagwa pamoja na kunde.